Taarifa ya Mwaka ya Mwenyekiti: Miti Katika Viwanja Vyetu

Ndugu wanachama,

Mambo ya ulinzi, taka na taa za barabarani yamo katika taarifa za katibu na mweka hazina. Mimi nitasema juu ya miti.

Kanuni ni ile ile: kila kiwanja cha futi 50 kwa 100 kiwe na miti isiyopungua miwili, mmoja wao wa kivuli. Kilichobadilika ni ukaguzi. Kuanzia masika ijayo kamati itakagua shimo kabla ya mche kuingia, na mti utahesabiwa ukishavuka kaskazi, yaani msimu wa joto na ukavu, yake ya kwanza. Miche mingi hapa Bamburi haifi kwa kukosa mbolea, inakufa kwa shimo fupi. Chini ya udongo wetu haba kuna mwamba wa matumbawe. Mchimbaji akiugonga huachia hapo, mizizi inajizungusha kama imo chunguni, na jua la Januari likiwaka mche umekwisha.

Shimo liwe na sentimita 60 kwenda chini na 60 upana. Kwenye mwamba tumieni mtaimbo mpaka upasuke. Kisha mimina ndoo ya maji ya lita 20. Yakikutwa yametuama kesho yake, hamisha shimo, la sivyo masika itaozesha mizizi. Jaza udongo wa juu madebe mawili kwa debe moja la samadi iliyooza. Jivu msitie kabisa! Matumbawe ni chokaa tayari, na jivu huongeza yale yale; ndipo majani machanga ya mwembe yanapogeuka manjano huku vishipa vikibaki kijani.

Mwenye kisima cha maji ya chumvi asipande mwembe kama hana maji mengine, maana ncha za majani zitaungua. Mnazi na mvinje huvumilia. Machimbo ya Bamburi yalianza kupandwa mivinje mwaka 1971, tena juu ya matumbawe matupu.

Mwarobaini ukae mita 6 kutoka shimo la choo na mabomba, kwa kuwa mizizi yake hufuata maji. Mnazi, hata kitamli (mnazi mfupi), usisimame penye njia wala pa kuegesha gari. Chini ya nyaya za umeme pandeni mlimau au mstafeli.

Wakati wa kaskazi, kila mche upate lita 20 mara mbili kwa wiki, jioni.

Mtaimbo wa chama uko kwa mlinzi wa lango kuu. Anayeuhitaji aandike jina daftarini.

Mwenyekiti