Barua kwa mjomba wangu: hiyo miaka minne tu

Mjomba, shikamoo.

Siku ya arubaini ya bibi, tulipokaa chini ya mwembe, ulisema neno ambalo sikuweza kukujibu mbele za watu. Ulisema wabunge kazi yao posho na kubishana, na dawa ni kumpata mtu mmoja mwenye msimamo, apewe madaraka yote miaka minne tu, ainyooshe nchi, kisha ayarudishe. Wengi waliitikia. Mimi niliinamia kikombe changu cha chai. Kilichonikaa moyoni ni hiyo miaka minne, kwa sababu Wajerumani nao mwaka 1933 waliambiwa minne.

Hawakuwa watu wajinga, mjomba. Walikuwa na katiba ya mwaka 1919, wanawake wao walipiga kura, magazeti yalikuwa tele. Ila walikuwa wamechoka. Walishindwa Vita Kuu ya Kwanza, mwaka 1923 fedha yao ikakosa thamani kabisa, kisha ukaja mdororo wa uchumi, na mwanzoni mwa 1932 watu wapatao milioni 6 hawakuwa na kazi. Mwenye njaa hana subira na mijadala. Chama cha Hitler, cha Wanazi, kilichopata asilimia 2.6 ya kura mwaka 1928, kilifika 37.3 Julai 1932.

Lakini Novemba mwaka huohuo kilishuka hadi 33.1. Naomba utulie hapo kidogo, maana watu husimulia kana kwamba alibebwa na taifa zima. Kura zake zilikuwa zinapungua! Katika uchaguzi huru hakuwahi kufika nusu. Kupindua serikali alishajaribu kule Munich mwaka 1923, akashindwa na akafungwa. Safari hii aliitwa.

Waliomwita walikuwa wakubwa waliomdharau. Tangu 1930 Rais Hindenburg alikuwa akitawala kwa amri za dharura, kwa kutumia ibara ya 48 ya katiba, hivyo nchi ilishazoea kuona Bunge linarukwa. Papen, aliyekuwa Kansela kabla, yaani mkuu wa serikali, alimshawishi mzee yule ampe Hitler ukansela, yeye Papen awe makamu. Waliona wamejikinga vya kutosha: katika baraza zima Wanazi walikuwa watatu tu, Hitler mwenyewe akiwemo. Walitaka wafuasi wake, na yeye wakaamini watamshika hatamu. Hiyo ilikuwa tarehe 30 Januari 1933.

Usiku wa Februari 27 jengo la Bunge likaungua. Kesho yake ikatoka amri ya kusimamisha uhuru wa kusema, wa kukutana na wa magazeti, na polisi wakaruhusiwa kumweka mtu ndani bila kumfikisha mahakamani. Wakomunisti walikamatwa kwa maelfu. Hata hivyo, katika uchaguzi wa Machi 5, Wanazi walipata asilimia 43.9 tu.

Sasa nisikilize kama katibu wa ushirika, maana hapa utaelewa kuliko mimi. Ile sheria ya kumpa Hitler na baraza lake uwezo wa kutunga sheria bila Bunge, kwa miaka minne, ilihitaji theluthi mbili ya wabunge wawepo, na theluthi mbili ya waliopo wakubali. Wapinzani wangeweza kuizuia kwa kutoka tu ukumbini. Basi wakabadilisha kanuni: mbunge asiyekuwepo bila udhuru unaokubalika ahesabiwe kuwa yupo. Akidi ya watu wasiokuwepo, mjomba! Wabunge 81 wa Kikomunisti walikuwa gerezani, mafichoni au uhamishoni. Kikao kilifanyika Machi 23 kwenye jumba la opera la Kroll, wanamgambo wa Wanazi, SA, wenye mashati ya kahawia wamejaa hadi ndani. Otto Wels wa SPD, chama cha Kisoshalisti cha Kidemokrasia, alisimama akapinga, akasema uhuru na uhai wetu mnaweza kutunyang'anya, heshima hapana. Kura zikawa 444 kwa 94. Wote 94 walikuwa wa SPD. Chama cha Kikatoliki cha Kituo kilikuwa kimeahidiwa mambo mengi, kikaunga mkono. Kufika Julai nacho kilikuwa kimejivunja, na tarehe 14 mwezi huo ikatungwa sheria kwamba chama ni kimoja tu.

Miaka minne ilipotimia, 1937, sheria ikaongezewa muda. Ikaongezwa tena 1939. Mwaka 1943 Hitler aliiongeza mwenyewe kwa amri yake. Wels alishafariki, Paris, mwaka 1939.

Mjomba, nilikuwa mtoto siku uliyoahirisha mkutano mkuu wa ushirika kwa sababu wamepungua watu watatu. Mvua ilikuwa inakuja, watu wametoka mbali, wakakununia hadi mwenyekiti. Hukukubali. Uliniweka kwenye baiskeli tukarudi nyumbani tumelowa chapachapa. Nitakuja mwezi wa nane, tukae palepale mwembeni, na mbele ya walewale walioitikia nitakuuliza: mwaka wa tano ukifika, nani atakwenda kumdai?