Shukrani kwa mzee wa kiti mwendo

Shikamoo mzee wangu. Sikukuuliza jina, na jambo hilo linaniuma mpaka leo.

Nilikuwa mwanafunzi wa usanifu wa mandhari, napima bustani moja hapa Dar es Salaam kwenye jua la saa saba. Ukaniita: “Mwanangu, hebu nisukume hadi pale kwenye mwarobaini.” Hatukufika. Kokoto zilimeza magurudumu, na ule mteremko nilioutia alama ya vyema daftarini ulinitoa jasho mimi mwenye miguu yangu.

Ukanieleza kwa upole kwamba kupanda nusu mita kunahitaji mteremko wenye urefu wa mita 6, yaani 1 kwa 12, na juu pawe tambarare mtu apumzike. Hilo lilikuwemo kitabuni, nililipita haraka. La pili sikuwa nimelisoma popote: benchi liachiwe nafasi ubavuni, ili mwenye kiti mwendo akae bega kwa bega na mkewe, asiwekwe njiani kama mzigo.

Leo hiyo ndiyo kazi yangu, na kila mchoro nauanzia getini. Asante sana, baba. Natamani nikuoneshe benchi lenye nafasi yako na ya mama.