Kwa Matabibu Vijana wa Miguu: Msiidharau Sugu

Wanangu mnaoanza kazi hii,

Nimewasikia baadhi yenu mkinung'unika kwamba hamkusomea fiziolojia, famasia na upasuaji miaka yote ile ili mje kukata kucha na kupunguza sugu za wazee. Manung'uniko hayo yamenikaa moyoni, ndiyo maana nawaandikia.

Waliotutangulia hawakuwa na shule. Ujuzi ulitoka mkononi mwa mkubwa ukaingia mkononi mwa mdogo. Mwaka 1911 shule ya fani hii ilianzishwa New York, na mwaka uliofuata vyama vya kitaifa vikaundwa Marekani na Uingereza, ingawa Waingereza walisubiri hadi sheria ya mwaka 1960 ndipo wakawa na daftari rasmi la usajili. Tangu hapo cheti kimekuwa shahada, sindano ya ganzi imeruhusiwa mikononi mwetu, na mwaka 2013 sheria ya Uingereza ikawaruhusu wenye mafunzo ya ziada kuandika dawa wenyewe. Kule Marekani mwanafunzi husoma udaktari wa miguu miaka 4, kisha hufanya mazoezi ya hospitalini miaka 3 chini ya usimamizi. Nayafurahia yote hayo kwa dhati, kwa kuwa najua tulichokikosa sisi.

Ujanani mwangu tulifundishwa kushika kisu vizuri, lakini ni nadra mwalimu kutuuliza sugu imetokana na nini. Kwa miezi kadhaa nilimhudumia mama mmoja mwenye kisukari, nikimpunguzia sugu ileile kwenye wayo, chini ya kidole gumba, naye kila mara akinihakikishia kwamba haumwi. Siku moja, nilipoondoa tabaka la juu, niliona doa jeusi la damu iliyovilia, na chini yake kidonda kilikuwa kimekwisha kuchimba. Kule kutoumwa ndiko kulikokuwa dalili yenyewe, kwani mishipa ya fahamu ya mguu ule ilikuwa imekufa ganzi, nami sikuwahi kuipima, wala sikukiangalia kiatu kilichokuwa kikimbana. Kidonda kilipona, lakini kwa muda mrefu na kwa taabu nyingi aliyoibeba yeye, si mimi.

Leo mnao uzi wa nailoni wa kupimia hisia, unaopinda kwa nguvu ya gramu 10, mnacho kifaa cha kusikiliza mtiririko wa damu katika ateri, na mnajua kueleza jinsi mwendo wa mtu unavyoelemeza uzito mahali pamoja. Elimu hiyo yote mtaitumia wapi, ikiwa si kwenye sugu hiyohiyo mnayoiona duni? Mgonjwa wa kisukari ni nadra kuja akisema neva zake zimeharibika. Huja akisema kucha zimemrefukia na mgongo haumruhusu kuinama. Mkimkabidhi msaidizi bila ninyi wenyewe kuutazama mguu, mmeipoteza nafasi pekee ya kupimwa ambayo pengine angeipata mwaka mzima.

Kwa hiyo nawaomba, kabla ya kushika kisu gusani mapigo ya damu upande wa juu wa mguu, panapofungwa kamba za kiatu, na nyuma ya kifundo, pimeni hisia, ingizeni mkono ndani ya kiatu mpapase mshono na soli. Na anayewaambia kwamba haumwi, mvueni soksi za miguu yote miwili.

Wenu katika kazi,
Mzee wenu