Mrija mmoja, midomo mingapi?

Mhariri,

Gazeti lenu nalisoma tangu nikiwa kazini na sijawahi kuwasumbua kwa barua. Habari yenu ya juzi kuhusu trafiki kuwapima madereva ulevi usiku imenishinda kunyamazia.

Kupima si kosa. Mlevi akamatwe kabla hajatuua. Ila mmeandika kana kwamba kile kifaa hakikosei.

Mimi pombe sinywi. Nilikuwa natoka msibani Sinza, jino linaniuma, nimetoka kusukutua dawa ya famasi. Karibu na nyumbani tukasimamishwa. Kijana wa mbele yangu akapuliza. Afande akauchomoa mrija mdomoni mwake, mate bado yanang'aa, akaufuta kwenye suruali, akaniletea: "Mama, puliza." Kuuliza mpya uko wapi, naambiwa nisimfundishe kazi. Nikapuliza, kikalia. Nilipotaka kuona namba akaifunika kwa kiganja. "Umezidi." Nimezidi nini? Sheria inataja miligramu 80 za pombe katika mililita 100 za damu, haitaji mlio! Dawa nyingi za kusukutua zina pombe, na pombe iliyobaki mdomoni hukidanganya kipimo. Ndiyo maana mtu hutakiwa akalishwe kama dakika 15 ndipo apulize. Mimi hata dakika moja sikupewa. Nikaomba nipelekwe hospitali nikatolewe damu. Naambiwa gari lao halina mafuta, labda mama achangie. Kisha sauti ikashuka: tuyamalize hapa hapa. Nikagoma, nikakaa garini mpaka mkubwa wao alipokuja na kuniambia niende, bila hata pole.

Na mchana utawakuta wamejificha na tochi ya kupimia mwendo nyuma ya kibanda cha mkaa, mahali ambapo kibao cha 50 kiling'olewa zamani. Bodaboda wanaotoka baa wakiyumba, hao wanapita tu, tena wanapungiwa mkono.

Baa hutundika leseni ukutani. Basi na kipimo kiwe na cheti cha uhakiki, chenye tarehe, kining'inie shingoni mwa afande tukisome kwa mwanga wa taa za gari. Na mirija iuzwe famasi, ndani ya nailoni, kila dereva abebe wake pamoja na pembetatu na mtungi wa zimamoto. Mjukuu wangu nimeshamtuma akaulizie bei.

Bibi asiyekunywa,
Tegeta, Dar es Salaam