Meno ya kahawia hayahitaji kusagwa kwanza

Mhariri,

Matangazo ya "tabasamu jipya kwa siku moja" yamejaa mitandaoni, na huku kaskazini mwa Tanzania yamepata wateja wengi. Kuanzia Ngarenanyuki na Maji ya Chai hadi Hai, Siha na sehemu za Manyara, vijana wengi wamekua wakinywa maji yenye madini mengi ya floridi, na meno yao ya mbele yana madoa ya kahawia. Matangazo huonyesha picha mbili, ya kabla na ya baada. Yasichoonyesha ni kilichotokea katikati, yaani jino lilisagwa kiasi gani. Tunaomba nafasi tulieleze hilo, kwa sababu kinachosagwa hakioti tena.

Rangi ile si uchafu, wala haitokani na uvivu wa kupiga mswaki. Mtoto anapokunywa floridi nyingi wakati jino linatengenezwa ndani ya taya, enameli, yaani ganda gumu la nje la jino, haikomai vizuri na inabaki na vitundu vidogo visivyoonekana kwa macho. Jino huota likiwa jeupe kama chokaa. Ukahawia huja baadaye, rangi za vyakula na madini zinapoingia katika vitundu hivyo. Kwa hiyo kwa watu wengi doa liko kwenye tabaka la nje tu. Enameli ya jino la mbele ina unene wa takribani milimita 1 karibu na ncha, na chini ya nusu ya hapo karibu na fizi. Hiyo ndiyo akiba yote aliyonayo mtu maishani.

Hatua ya kwanza ya matibabu ni kuziba meno yaliyotoboka na kuondoa ugaga, yaani uchafu uliogandamana na kuwa mgumu kwenye meno. Wapo wanaoogopa kusafishwa wakidai kunalegeza meno. Ukweli ni kwamba ugaga ndio uliokula mfupa, kisha ukabaki umeyashikilia yale yaliyokwisha kulegea. Ukiondolewa, ulegevu uliokuwepo unaonekana. Kung'arisha meno juu ya fizi zinazotoka damu au jino lenye tundu ni kutafuta maumivu.

Baada ya hapo, kwa ukahawia hafifu hadi wa wastani, kinachofuata ni jeli ya kung'arisha meno inayovaliwa usiku. Jeli iliyotumika na kuchunguzwa kwa muda mrefu zaidi ni ya kabamaidi peroksidi ya asilimia 10, ambayo mdomoni hutoa haidrojeni peroksidi ya asilimia 3.5 hivi. Haywood na Heymann wa Marekani waliandika kuhusu njia hii mwaka 1989. Daktari huchukua chapa ya meno kwa alginati (uji mzito unaoganda haraka), humwaga plasta, kisha juu ya plasta hiyo hufinyanga kifuniko laini cha plastiki chenye unene wa milimita 1 na kukikata kwa kufuata mstari wa fizi. Ukataji huu ndio unaotofautisha kazi nzuri na mbaya. Kifuniko kikipanda juu ya fizi, jeli huziunguza na asubuhi unakuta zina weupe na zinauma. Vile vya saizi moja kwa watu wote vinavyouzwa mtandaoni huvuja, na jeli huishia kumezwa. Kiasi cha jeli ni tone dogo kama punje ya mchele kwa kila jino, upande wa mbele tu.

Meno ya kawaida hubadilika ndani ya wiki mbili. Ya floridi huhitaji wiki nne hadi nane, na mengine zaidi, na hapa ndipo wengi hukata tamaa. Siku za mwanzo madoa meupe huonekana makali kuliko awali, mtu akadhani ameharibiwa. Aendelee tu, sehemu nyingine za jino zikishang'aa, tofauti hupungua. Meno yakianza kufa ganzi kwa maji baridi, aruke usiku mmoja au mbili na kutumia dawa ya meno yenye potasiamu naitreti ya asilimia 5. Mjamzito na anayenyonyesha wasubiri. Na ijulikane mapema kwamba meno yaliyozibwa kwa dawa nyeupe au kuvikwa kofia (ganda linalofunika jino lote) hayabadiliki rangi hata kidogo, hivyo huenda yakahitaji kufanywa upya baadaye.

Kuhusu ile taa ya buluu ya kung'arishia meno kliniki, inayopigiwa picha sana: kazi kubwa hufanywa na peroksidi kali ya asilimia 35 hivi, taa huongeza kidogo mno. Meno pia hukauka kwa sababu mdomo umeachwa wazi saa nzima, na jino lililokauka huonekana jeupe kuliko lilivyo. Baada ya siku chache mate yameshalilowesha, na sehemu ya weupe uliolipiwa imeondoka. Sheria ya Umoja wa Ulaya imeweka kikomo cha asilimia 6 ya haidrojeni peroksidi kwa bidhaa za kung'arisha, na zinazozidi asilimia 0.1 huuzwa kwa madaktari wa meno tu. Kwetu jeli isiyoandikwa kiwango chochote inauzwa stendi.

Doa la kahawia linapogoma, au mtu asipoweza kungoja wiki nyingi, kuna kukwangua kwa asidi. Jino hutengwa na fizi kwa mpira mwembamba, macho ya mgonjwa hukingwa kwa miwani, kisha mchanganyiko wa asidi hidrokloriki ya asilimia 6.6 na chembe za silikoni kabaidi husuguliwa taratibu kwa takribani sekunde 60, huoshwa, na daktari hutazama. Atazame jino likiwa limelowa, kwa sababu likikauka humdanganya na yeye pia. Hurudia mara chache, na kazi nzima huondoa kama sehemu moja au mbili za kumi za milimita. Doa lisipopungua baada ya mizunguko kadhaa, liko ndani zaidi, na kuendelea ni kumaliza enameli bure. Mwisho jino hung'arishwa na kupakwa floridi. Tusisitize: asidi ya jina hilohilo imo katika dawa za kusafishia vyoo na vigae, tena ikiwa kali zaidi. Anayejaribu mwenyewe nyumbani ataunguza midomo na fizi kabla doa halijaguswa.

Madoa meupe ya chokaa yana tiba yake, utomvu mwepesi (aina ya plastiki ya majimaji) unaonyonywa na vitundu vya enameli. Uso hufunguliwa kwa asidi hidrokloriki ya asilimia 15 kwa dakika 2, hukaushwa kwa ethanoli, utomvu huachwa unywe kwa dakika 3, kisha hugandishwa kwa mwanga. Doa halichongwi wala halichimbwi. Linafifia kwa sababu mwanga sasa unapita humo karibu kama kwenye enameli nzima. Kwa ukahawia mzito peke yake hausaidii sana.

Ni baada ya hatua hizi tu ndipo inafaa kuzungumzia kufunika jino. Dawa nyeupe ya kompositi hupakwa kwa tabaka zisizozidi milimita 2, kila moja ikigandishwa kwa mwanga, na mara nyingi hufanyika bila kusaga au kwa kusaga kidogo sana. Kwa meno ya floridi kuna mtego ambao mafundi wenye haraka huusahau. Enameli hii hustahimili asidi kuliko ya kawaida, kwa hiyo asidi fosforiki ya asilimia 37 ikiwekwa kwa zile sekunde 15 hadi 30 zilizozoeleka, gundi haishiki vizuri, na baada ya miezi ukingo unabanduka na kuingiza rangi. Huhitaji muda mrefu zaidi, au uso wa nje ukwanguliwe kidogo kwanza. Kosa jingine ni kupaka mara tu baada ya jeli: oksijeni iliyobaki ndani ya jino huzuia utomvu wa kompositi kuganda. Wiki mbili za kungoja zinatosha.

Vinia ya kauri, yaani ganda jembamba linalogundishwa mbele ya jino, huja mwisho, na kofia huja baada ya vinia. Vipimo vilivyochapishwa mwaka 2002 na Edelhoff na Sorensen vilionyesha kwamba vinia huondoa kati ya asilimia 3 na 30 ya sehemu ya jino inayoonekana mdomoni. Kofia kamili ya kauri huondoa asilimia 63 hadi 72. Hiyo ndiyo tofauti iliyojificha katika "siku moja". Wanaoahidi meno 10 au 12 kwa mkupuo mara nyingi wanaweka kofia huku wakiziita vinia. Kijana wa miaka 22 akisagwa meno yake mazima yawe vijiti, atazibadilisha kofia hizo mara kadhaa kabla hajazeeka, na kila mara jino linalobaki ni dogo zaidi. Baadhi ya mishipa ya ndani itakufa njiani na kuhitaji tiba ya mzizi. Mwulizeni daktari maswali mawili: utasaga milimita ngapi, na je, nikibadili mawazo jino langu litakuwepo? Akikasirika, ondokeni.

Meno ya plastiki ya kubandika hayastahili maneno mengi. Chini yake chakula na utando wa vijidudu hukaa siku nzima, na fizi huvimba. Limau na mkaa navyo tuviache: enameli huanza kuyeyuka pale pH (kipimo cha uchachu, kikishuka uchachu umezidi) inaposhuka chini ya 5.5 hivi, na limau iko kwenye 2 na kitu. Mng'ao unaouona ni wa jino lililokwanguka.

Sasa kwa wazazi, maana ukahawia huu unaingia mapema mno. Meno mawili makubwa ya mbele juu yamo hatarini zaidi mtoto akiwa na umri wa miezi 15 hadi 30 hivi, miaka mingi kabla hayajaota. Anayekunywa maji salama katika umri huo anaweza kuokoa tabasamu lake hata kama magego yatadhurika baadaye. Ikiwa maji safi hayatoshi familia nzima, basi yatengwe kwa ajili ya maziwa, uji na maji ya kunywa ya mtoto mdogo. Maji ya mvua hayana floridi ya kutia hofu. Kuchemsha kunaua vijidudu, lakini hakutoi floridi: maji yanapungua, floridi inabaki, na kiwango kinapanda.

Jikoni kuna magadi. Wengi huyatia kwenye makande ili mahindi na maharage yaive haraka, na baadhi ya magadi yanayookotwa huku yana floridi nyingi sana. Loweka maharage usiku kucha, mwaga yale maji, yataiva. Chakula cha mtoto kisiwe na magadi kabisa.

Vichujio vya mkaa wa mifupa vya kuondoa floridi kwenye maji, kama vilivyoendelezwa katika kituo cha utafiti cha Ngurdoto, vinafanya kazi iwapo mifupa imechomwa sawasawa. Ikichomwa kidogo maji hunuka. Ikichomwa kupita kiasi hadi ikawa myeupe, uwezo wake wa kunasa floridi hushuka. Tatizo kubwa zaidi ni kwamba mkaa ukishajaa maji hayabadiliki ladha wala rangi. Bila kupima kila baada ya miezi michache, familia inaweza kuendelea kuchuja huku inakunywa floridi ileile.

Wengine husema watoto wa huku wana floridi ya kutosha, kwa hiyo dawa ya meno yenye floridi haina haja. Hatukubaliani nao. Ile ya kwenye mswaki hukinga uso wa jino, na meno yenye ukahawia mkali yana mashimo madogo ambayo huoza upesi. Kinachotakiwa ni kupunguza kiasi: chini ya miaka 3 kama punje ya mchele, miaka 3 hadi 6 kama mbaazi, mzazi akiwa amesimama pale kuhakikisha mtoto anatema.

Halafu kuna gego la kwanza la kudumu, linaloota karibu na miaka 6 nyuma kabisa ya meno ya utoto bila jino lolote kung'oka. Wazazi hudhani ni la utoto, wakaliacha lioze. Mifereji yake ikizibwa kwa utomvu mapema, chakula hakipati pa kujificha. Kazi ni ya dakika chache, ila tone moja la mate juu ya jino lililokwisha kupakwa asidi linatosha kuharibu kila kitu. Kwa mtoto asiyetulia ni bora kutumia saruji ya glasi (aina ya dawa ya kuzibia meno), ikikandamizwa kwa kidole kilichopakwa vaselini. Saruji hiyo, dawa ya meno yenye floridi, na dawa ya fedha na floridi inayosimamisha kuoza, ziliingizwa na Shirika la Afya Duniani katika orodha ya dawa muhimu mwaka 2021. Ile ya fedha huacha weusi kwenye tundu, na mzazi aambiwe kabla haijapakwa.

Tuna maombi mawili. Mamlaka za maji na jumuiya za watumia maji ziandike kiwango cha floridi kwenye kila kituo cha kuchotea, kwa miligramu kwa lita, pamoja na tarehe ya kipimo. Shirika la Afya Duniani linashauri kisizidi 1.5, Tanzania kwa miaka mingi iliruhusu hadi 4, na wengi wa waliozaliwa wakati huo ndio wateja wa matangazo haya leo. Ombi la pili ni kwako, Mhariri: gazeti lisipokee tangazo la kurembesha meno lisilotaja namba ya usajili ya daktari katika Baraza la Madaktari Tanganyika, na kama jino litasagwa, lisemwe hivyo kwenye tangazo lenyewe.

Matabibu wa kinywa na meno,
Arusha