Taarifa ya Mwaka ya Mwenyekiti: Nani Atatia Sahihi?

Ndugu wanachama, salaam aleikum.

Mkutano uliopita uliiagiza kamati ieleze, kwa lugha ya mezani petu na si ya mawakili, kesi za ndoa ya watu wa jinsia moja zinahusu nini hasa, na zinagusaje kazi yetu ya usaidizi wa kisheria hapa Malindi. Mengine ya mwaka nimeyaweka mwishoni kwa ufupi, kwa kuwa hili ndilo lililokula muda.

Nianze na lililo wazi. Katiba, kifungu cha 45(2), inampa kila mtu mzima haki ya kufunga ndoa na mtu wa jinsia tofauti na yake, kwa hiari ya wote wawili. Sheria ya Ndoa ya 2014, kifungu cha 3, nayo inataja mwanamume na mwanamke, wawe wa mke mmoja au wa mitala. Anayetuuliza kama msajili ataiandika ndoa ya jinsia moja ajibiwe hapana, bila kuzungushwa. Kifungu cha 162 cha Kanuni ya Adhabu, kinachoadhibu ngono "kinyume cha maumbile" hata ya hiari, nacho kingalipo, na kifungo chake kinafika miaka 14. Mahakama Kuu ilikataa kukibatilisha tarehe 24 Mei 2019, siku ileile Taiwan ilipoanza kuandikisha ndoa hizi, ya kwanza barani Asia.

Wapo waliosikia kwamba Mahakama ya Juu iliruhusu ndoa hizo mwaka 2023. Sivyo. Uamuzi wa tarehe 24 Februari, majaji watatu kwa wawili, ulihusu kusajiliwa kwa shirika: kwamba bodi ya mashirika yasiyo ya kiserikali haikuwa na haki ya kulinyima usajili shirika la kutetea wapenzi wa jinsia moja. Ni haki ya kujumuika, kifungu cha 36. Neno ndoa halimo katika amri ile, na msaidizi wetu yeyote anayewaambia watu vinginevyo anawatia hatarini.

Basi huko ng'ambo watu walipigania nini miaka yote hiyo? Ukizisoma kesi zenyewe, utashangaa jinsi zinavyoanzia kwenye karatasi. Iliyomaliza ubishi Marekani, tarehe 26 Juni 2015, majaji watano kwa wanne, ilianzia kwenye kisanduku kimoja cha cheti cha kifo. John Arthur wa Ohio alikuwa na maradhi ya neva yaliyomlaza kitandani. Mwaka 2013 yeye na mwenzake, Jim Obergefell, walipanda ndege ya wagonjwa hadi Maryland, ambako sheria iliruhusu. Wakafungishwa ndoa ndani ya ndege, imesimama kiwanjani, kisha wakarudi nyumbani. Sheria ya Ohio ilitaka cheti kiseme Arthur amekufa bila kuwa na ndoa, na mahali pa jina la mjane pabaki patupu. Obergefell alikwenda kortini kwa ajili ya mstari huo.

Katika shauri hilohilo waliunganishwa manesi wawili wa Michigan, April DeBoer na Jayne Rowse, waliokuwa wakilea watoto wa kuasili. Jimbo liliruhusu kuasili ama mtu mmoja peke yake ama wanandoa. Kwa hiyo kila mtoto alikuwa na mzazi mmoja tu kisheria. Mzazi huyo akifa, yule aliyemlisha na kumpeleka shule miaka yote anakuwa mgeni kwa mtoto. Kwa maoni yangu kesi hii ndiyo inayoeleza vizuri zaidi kwa nini jambo hili ni la familia: anayekosa kwanza ni mtoto, ambaye hakuchagua lolote.

Afrika Kusini ndiko kwenye mfano wa karibu nasi. Mahakama yake ya Katiba iliamua shauri la Fourie tarehe 1 Desemba 2005 na kulipatia bunge miezi 12 kurekebisha sheria. Sheria mpya ikaanza kutumika tarehe 30 Novemba 2006, siku moja kabla ya muda kwisha. Lakini humo humo kilitiwa kifungu cha kumruhusu ofisa wa serikali kukataa kuwafungisha, akidai dhamiri yake haimruhusu. Kikakaa hadi 2020 kilipofutwa. Miaka 14 mtu angeweza kuwa na haki yake kamili na bado akakuta dirisha limefungwa. Wenye kufanya kazi ya masijala wanajua habari hiyo bila kuambiwa.

Nije kwetu. Ndoa iliyoandikwa inajibu maswali kimyakimya: nani atamsemea mgonjwa, nani atachukua kibali cha mazishi, nani atabaki na nyumba, nani atakaa na mtoto. Asiye na ndoa hiyo hutengeneza kila jibu kwa mkono, karatasi moja moja, na kila karatasi ina mahali pake pa kuvunjikia. Na hili haliwahusu watu wa jinsia moja peke yao. Mjane aliyeozwa kwa nikahi ambayo haikusajiliwa, anayefika na karatasi ya shehe iliyoliwa na mchwa, anakijua kile kisanduku kitupu. Nusu ya niyasemayo hapa chini ni yake pia.

Wasia. Kwa asiye Mwislamu, Sheria ya Urithi, Sura ya 160, kifungu cha 11, inataka uandikwe, mwenyewe atie sahihi au alama, na mashahidi wawili au zaidi wawe wamemwona akitia. Mali anaweza kumwachia amtakaye. Kosa tunalolikuta mara kwa mara ni kumfanya mrithi kuwa shahidi. Kifungu cha 13 kinabatilisha alichoachiwa shahidi, au mume au mke wa shahidi, isipokuwa pawe na mashahidi wengine wawili wasio na maslahi. Kosa la pili ni kuandika "mke wangu" au "mume wangu" mahali ambapo sheria haiitambui ndoa. Neno hilo linawapa ndugu mlango wa kupingia. Andika jina kamili na namba ya kitambulisho, basi. Sheria haimtaki mtu aeleze kwa nini anampa fulani shamba, na wasia si mahali pa kueleza.

Kwa Mwislamu fomu hiyo haifai. Kifungu cha 2(3) kinaupeleka mgawanyo wa mali yake kwenye sheria ya Kiislamu. Baada ya gharama za mazishi na madeni, wasia wake haupiti theluthi, nao ni kwa asiye mrithi. Tuache kutumia karatasi moja kwa watu wote.

Asiye Mwislamu asiyeacha wasia, na hana mke, mume wala mtoto anayetambulika, mali yake huenda kwa wazazi, kisha ndugu, kisha jamaa wa mbali hadi daraja la sita, na wakikosekana, serikalini. Mwenzake wa miaka 20 hayumo katika orodha hiyo, wala hayumo katika kifungu cha 29 kinachotaja wategemezi wa kudai fungu kortini. Barua ya chifu yenye majina ya warithi nayo haitamtaja. Mtoto ambaye marehemu alimpokea nyumbani kama wake na alikuwa akimtunza, huyo yumo katika kifungu cha 29. Wengi hawalijui hili, hata baadhi yetu.

Nyumba. Hapa Malindi linawagusa sana Waitaliano. Tangu 2016 Italia ina muungano wa kiraia kwa watu wa jinsia moja, wenye haki ya urithi na pensheni, ingawa bunge liliondoa kipengele cha kumuasili mtoto wa mwenzako. Wawili wa namna hiyo wakikodi kiwanja kwa miaka 99 kwa majina yao mawili, huamini mmoja akifa fungu lake litaingia kwa mwenzake papo hapo. Haliingii. Sheria ya Usajili wa Ardhi ya 2012, kifungu cha 91, inaruhusu umiliki wa aina hiyo kwa mke na mume tu, isipokuwa korti itoe idhini. Bila idhini unahesabiwa kuwa wa mafungu, na fungu la marehemu linaingia katika mirathi. Na kwa mali isiyohamishika iliyoko Kenya sheria ni ya Kenya, hata marehemu awe wa Milano. Fedha na gari ndivyo hufuata sheria ya makazi yake ya kudumu. Dawa ni wasia wa Kenya, ulioandikwa kwa mali ya Kenya.

Hospitali. Sheria ya Afya ya 2017, kifungu cha 9, inamruhusu mgonjwa kumteua mtu yeyote kwa maandishi amridhie matibabu pale yeye mwenyewe asipoweza. Karatasi hii ni ya ukurasa mmoja na haigharimu kitu. Inavunjika kwa sababu moja: iko sandukuni nyumbani na mgonjwa yuko wodini. Tushauri nakala mbili, moja ibebwe na aliyeteuliwa.

Mazishi ni magumu kuliko yote. Wakenya wanakumbuka S.M. Otieno, aliyekufa Desemba 1986 akazikwa Mei 1987: mjane wake, mwenye ndoa halali, alishindwa na ukoo. Ikiwa mke alishindwa, asiye na cheti asitegemee karatasi; azungumze na ndugu wangali wazima.

Kuna aliyeuliza kuhusu kesi ya Mombasa ya 2011, Katam dhidi ya Chepkwony. Mahakama Kuu ilitambua ndoa ya mwanamke kwa mwanamke kwa mila ya Wanandi, na mke akakubaliwa katika mirathi. Ndoa hiyo ni ya kupata kizazi na mrithi wa nyumba isiyo na mtoto wa kiume, haina mapenzi ya kimwili ndani yake, na wenye mila hiyo hukasirika ikifananishwa. Isitajwe mezani kama njia ya mkato.

Kamati imeamua mambo matatu. Daftari la wageni lisiandike uhusiano wa mteja na anayemtaja katika hati. Jina na aina ya hati vinatosha. Kila mteja mwenye mtoto aulizwe kama ameteua mlezi kwa maandishi mbele ya mashahidi wawili. Na asiyetaka kumhudumia mteja kwa sababu ya dini yake amwite mwenzake kimya kimya, asimrudishe mtu mlangoni.

Kuhusu mengine: ada za wanachama zinasuasua kama kawaida, kabati la faili limepata kufuli, na fomu za uteuzi wa hospitali zimechapishwa kwa Kiswahili, zipo mezani karibu na mlango. Mweka hazina anafuata na hesabu.