Nani kawaambia voliboli ya wanaume ni mchezo wa mabinti?

Mhariri,

Gazeti lenu nalisoma tangu sijaja huku Marekani na sijawahi kuwaandikia, hata mlipokuwa mnakosea majibu ya chemsha bongo, lakini ile habari yenu ya fainali ya voliboli ya vyuo ya wanaume, ile Long Beach State walipomchapa UCLA seti 3-0, vyote vyuo vya California, hapa Columbus, Ohio, mwaka 2025, imenikaa kooni mpaka leo. Aya tatu tu. Na kwenye hizo hizo tatu mwandishi wenu kapata nafasi ya kutuambia kwamba wavu huku ni "mchezo wa mabinti" na kwamba kombe "halijawahi kuvuka mipaka ya California".

Halijawahi kivipi? Sawa, UCLA ndio wenye nyumba, walichukua la kwanza kabisa 1970 na mpaka 2025 walikuwa nayo 21, na 19 kati ya hayo wameyapata chini ya kocha mmoja, Al Scates. Hiyo hakuna anayebisha. Lakini Penn State wa Pennsylvania walilitoa California 1994 wakarudia 2008, Hawaii wakalibeba 2021 na 2022 mfululizo, tena lile la 2021 wamelichukulia hapa hapa Columbus. Na Ohio State, ambao nikitoka kazini napita mlangoni kwao, wanayo matatu: 2011, 2016 na 2017. Hata simu ingemjibu kama angeiuliza.

Ila hilo la mabinti ndio limenitibua. Kijana wangu anacheza, ni seta wa timu ya shule, yule anayewapandishia wenzake mpira wapige, vidole kavifunga plasta mpaka kushika kijiko kazi, na wiki ile mliyotoa habari tulikuwa kwenye harusi ya jamaa, tumekaa tunangoja pilau, akapita mzee mmoja tunayemheshimu sana hapa mjini, mtoto kaamkia shikamoo, mzee kaitikia marahaba vizuri tu, halafu akatoa simu, akafungua habari yenu, akaikuza kwa vidole viwili meza nzima ione, akasema, "Sasa mwanangu, hata gazeti limeandika, kwa nini humtoi huyu kijana kwenye mchezo wa dada zake ukampeleka kwenye mpira?" Meza ikacheka. Mtoto akaingiza mikono chini ya meza. Mimi nimjibu nini, mzee ni mzee, nikabaki nameza mate huku ndani nachemka, maana siku chache nyuma nilikuwa na mtoto huyo huyo ukumbini anamwangalia seta wa Long Beach, Simeon Nikolov, Mbulgaria wa miaka 18, jitu refu linapandisha mpira kama halitaki, na mwanangu hajapepesa macho. Septemba ya mwaka ule ule huyo Simeon na kaka yake Aleksandar, ambaye naye alipita Long Beach, wakaifikisha Bulgaria fainali ya ubingwa wa dunia, wakafungwa na Italia. Huo ndio mchezo wa dada zake?

Sikatai kwamba wanawake wametuacha mbali kwa watazamaji. Chuo cha Nebraska mwaka 2023 walijaza uwanja kwa watu 92,003 kuangalia wavu wa wanawake, nawavulia kofia. Na nyumbani nako tumezoea kuwaona Malkia Strikers wa Kenya ndio wanaenda Olimpiki. Lakini mngetaka kuandika la maana mngeuliza kwa nini wachezaji wanaume wako wachache vyuoni. Kwa miaka mingi sheria za NCAA, chama kinachosimamia michezo ya vyuo huku, ziliipa timu ya wanaume skolashipu 4.5, za kugawana kikosi kizima, wakati wanawake walikuwa wanapewa 12, na ule mpira wa Kimarekani wa kuvaa helmeti peke yake ulikuwa unakula 85. Mtoto wa mtu alikuwa analipiwa robo, mwingine vitabu tu, na bado walijituma vile. Hilo halikuwatosha aya moja?

Na nyie wa vyama vya jamii yetu huku msicheke, mpo kundi moja na mwandishi. Kila kiangazi bonanza ni mpira wa miguu tu, wazee wenye vitambi wanakimbia dakika kumi wanabebwa misuli imekaza, pesa ya michango inaishia kwenye fulana zenye picha ya mwenyekiti. Nilipoomba tusimamishe wavu pembeni, nyavu ninayo na nguzo ninazo, nikaambiwa niwaulize kamati ya akina mama. Nimewauliza. Wamekubali. Mpaka leo uwanja hatujapewa.

Sasa pendekezo langu. Mwezi wa tano ujao punguzeni nusu ukurasa wa tetesi za usajili, hakuna atakayekufa, mumlete mwandishi wenu kwenye fainali, na kabla hajaandika asimame nyuma kabisa ya uwanja apokee sevu moja tu ya kuruka, ule mpira wa kuanzishia, kutoka kwa hao mabinti wenu, mikono mitupu, bila miwani. Akiweza kushika kalamu baada ya hapo, aandike anachotaka.

Na ile picha mliyoweka ibadilisheni. Ile ni ya ufukweni, wako wawili wawili mchangani, tena ni wanawake. Ukumbini wanacheza sita.

Msomaji wenu wa siku nyingi,
Columbus, Ohio